Daftari la Damu ya Mama Mkwe

Mimi sina dogo, na waliofanya kazi nami maabara wanalijua hilo. Mtu akiniletea mkojo kwenye chupa iliyokuwa na mafuta ya taa, nilimrudisha palepale mlangoni akatafute chupa nyingine, hata kama alikuwa ametembea kutoka Kilema, kule mlimani. Nilianza kazi katika hospitali moja ya mjini Moshi mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ukali ndio usahihi wenyewe. Sasa nimezeeka, najua ni vitu viwili tofauti.

Baba yangu alitoka Singida kuja kukata miwa kwenye mashamba ya chini ya mji. Nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, kwa hiyo mlima niliuona kila asubuhi lakini haukuwa wa kwetu. Nilipoolewa Uru, juu ya mji, mama mkwe alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamuuliza dada yake kwa Kichagga, akidhani sielewi, kama wasichana walikuwa wamekwisha mlimani hata mwanawe akaenda kuokota chasaka. Chasaka ndilo jina wanalotuita sisi tusio Wachagga. Mimi nilisoma na watoto wa Kichagga, nilikuwa nasikia kila kitu. Nikamjibu kwa Kichagga changu kibovu kwamba chasaka ameshafika na anaomba maji ya kunywa. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kuanzia hapo tuligombana karibu kila Jumapili kwa miaka yote tuliyokuwa pamoja, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye ng'ombe wawili aliowafungia bandani na kuwakatia majani kila asubuhi. Kusoma alijifunzia ukubwani. Serikali ilipotaka watu wazima wote wajue kusoma na kuandika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa kwenye dawati la shule ya parokia mchana, na penseli yake ameichomeka kwenye kilemba. Alipozijua herufi, hakuna kilichosalimika. Alisoma magunia ya mbolea, alisoma gazeti lililofungiwa nyama, alisoma na maandishi ya nyuma ya basi kwa sauti, silabi kwa silabi, huku abiria tunasubiri kupanda. Aliandika kwa herufi kubwa zilizolalia kushoto, na alibonyeza penseli mpaka karatasi ikaota matuta upande wa pili.

Mwaka mmoja nilianza kuona anakunywa maji kupita kiasi. Anamaliza kibuyu, anachota kingine, kisha anakwenda chooni mara nne kabla mtori wa ndizi haujaiva. Gauni la kanisani lilikuwa limeanza kumpwaya. Nikamwomba mkojo nikaupime. Akaniambia mkojo wake si mzigo wa kubebwa kwenye basi. Tulivutana majuma matatu, mwisho akanikabidhi chupa ya soda iliyofungwa kwa jani la mgomba, akaniapisha kwamba nisipomweleza ukweli hatanikaribisha tena kwake.

Siku hizo mkojo tuliupima kwa dawa ya rangi ya buluu. Unadondosha matone machache kwenye tyubu, unachemsha, unatazama rangi. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani au njano, ipo. Wa mama mkwe ulikwenda moja kwa moja mpaka rangi ya tofali la kuchoma. Nilikaa chini nikaitazama ile tyubu muda mrefu, na ukali wangu wote uliniishia.

Daktari alimwanzishia vidonge, kimoja kila asubuhi. Ugonjwa wenyewe aliupokea kwa dhihaka. Ilikuwa miaka ile sukari imeadimika, watu wanapanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri na wanarudi mikono mitupu. Majirani walipokuja kumpa pole, aliwaambia kwamba serikali haina sukari, yeye anayo mpaka inamwagika, basi wamkamue watie kwenye chai.

Daktari wa kliniki ya sukari alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mbaya, na ndiye aliyenifundisha jambo lililonifanya nianzishe daftari. Alinieleza kwamba sukari ikikaa mwilini miaka mingi inaharibu figo, na figo hazilii. Mgonjwa hasikii maumivu. Kwanza figo zinavuja protini, ndiyo maana tulichemsha mkojo na kuutilia asidi kidogo kuona kama unabaki na wingu. Baadaye, pengine miaka kadhaa, takataka ambazo figo zilipaswa kuzitoa zinaanza kubaki kwenye damu, na hizo ndizo nilizokuwa nikizipima kwa kemikali ya njano na mashine ya kusoma rangi. Miguu ikishavimba, umechelewa.

"Damu inajua kabla ya mgonjwa," aliniambia. "Lakini namba moja usiiamini. Iweke pamoja na wenzake uone inaelekea wapi."

Nikanunua daftari la shule. Kila kliniki, baada ya kumpima mama mkwe, niliandika namba yake, na ukurasa wa mwisho nikabandika karatasi ya mirabamraba nikaweka nukta. Daktari mwenyewe alichora juu yake mstari mwekundu. Alisema vidonge vile hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikichoka, kidonge cha leo kinakikuta cha jana bado kimo, na cha kesho kinavikuta vyote viwili, na sukari inashuka mpaka mtu anaanguka na pengine haamki. Nukta ikivuka mstari mwekundu, vidonge vinasimamishwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo maisha ya mama mkwe yalikuwa yanategemea ninachokiandika mimi, na yeye alilijua hilo. Akifika dirishani alikuwa ananiuliza kama chasaka ameshamwandikia kifo au bado.

Nukta zilikaa chini zimetulia karibu miaka miwili. Halafu mwezi mmoja nukta ikaruka ikavuka mstari. Mwezi uliofuata, vilevile. Daktari akasimamisha vidonge, akampa insulini. Mama mkwe akawa anachemsha sindano kwenye sufuria ndogo, anajichoma pajani kabla ya kwenda kukata majani, na kichupa cha dawa anakitumbukiza kwenye mtungi wa maji kisipate joto. Kila asubuhi, mume wangu aliniambia, mama yake alipojichoma alinilaani mimi, si ugonjwa. Nami usingizi ulinipaa. Niliona figo zinakufa na sina la kufanya.

Kliniki ilikuwa Jumanne. Jumatatu moja nilipewa ruhusa, nikapanda Uru mchana ili kesho yake tushuke pamoja. Nilipoingia kwenye kihamba, kule chini ya migomba, nikamkuta shemeji yangu mkubwa anachuna mbuzi, na jikoni sufuria ya kisusio inachemka. Kisusio ni damu ya mbuzi inayopikwa na supu na vipande vya nyama, na Wachagga humpa mtu aliyepungukiwa nguvu, hasa mwanamke aliyetoka kujifungua. Nikauliza kuna sherehe gani. Shemeji akanitazama kama mtu asiye na akili. Akasema kesho hospitali wanamtoa mama damu, na damu ikitolewa lazima irudishwe, kwa hiyo wamekubaliana ndugu wote kwamba kila Jumatatu ya kabla ya kliniki anachinja mmoja wao kwa zamu. Walikuwa wameanza miezi mitatu nyuma.

Mungu wangu! Nyama iliyopikwa, tena mabakuli mawili ya damu, usiku mmoja kabla ya kupimwa, inapandisha namba zilezile ninazozitafuta. Nilifoka pale uani mpaka ng'ombe wakageuka kutazama. Nilimwambia shemeji kwamba wanamlisha mama yao mbuzi halafu mimi naandika mbuzi kwenye daftari. Mama mkwe alikuwa mlangoni na bakuli mkononi. Alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akalirudisha lile bakuli jikoni, akasema angalau chasaka angemwacha amalize.

Kliniki hiyo hakupimwa. Alikaa siku nne kwa ndizi na maharage kidogo, nikamtoa damu Ijumaa. Nukta ikarudi chini, palepale pake pa zamani. Daktari alicheka, akamrudishia vidonge, na mama mkwe akamkabidhi muuguzi sindano yake kama anayerudisha kitu kilichooza. Aliniahidi mbele ya daktari kwamba hatagusa nyama siku nne kabla ya damu, iwe harusi, iwe msiba.

Basi kichwa kikanivimba. Hadithi ile niliisimulia maabara, niliisimulia kantini, niliwasimulia na wanafunzi waliokuja kujifunza kazi. Tukawa na msemo wetu pale ndani: namba ikipanda bila sababu, tunaiita namba ya mbuzi. Nilijiona mimi ndiye niliyemwokoa mama mkwe kwenye sindano, na ni kweli nilimwokoa. Laiti ningeishia hapo.

Miaka ikapita. Yule daktari mpole alihamishwa, akaja mwingine, kijana, mwenye wagonjwa wengi kuliko saa. Ilikuwa baada ya vita, na kila kitu kilikuwa shida. Sabuni ya kusugulia tyubu tulikuwa tunaikata vipande kama jibini, tena siku nyingine haipo kabisa. Kemikali ya njano tulikuwa tunaisubiri kutoka Dar es Salaam na barua zetu hazijibiwi. Tulipima mara moja, hakuna kurudia, isipokuwa kwa sababu kubwa sana.

Januari ile, mwaka mpya una siku mbili tu, namba ya mama mkwe ilivuka mstari mwekundu. Niliitazama nikatabasamu. Krismasi ndiyo kwanza imepita, na mtu yeyote anayeijua Uru anajua Krismasi kule ni nini: watoto wote wamerudi kutoka Dar na Arusha, kila boma limechinja, supu inanywewa mpaka mwaka mpya. Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni ya namba: amekula nyama. Sikumuuliza. Alikuwa amekaa benchi la nje, hatua kumi kutoka dirishani kwangu, anamsomea jirani yake tangazo la ukutani. Ningepaza sauti tu angenisikia. Lakini niulize nini, wakati jibu ninalo?

Mkojo wake ulikuwa na wingu zito kuliko zamani. Nikasema tyubu haikusuguliwa, sabuni hakuna. Daktari kijana alisoma maneno yangu, akamwandikia vidonge kama kawaida.

Februari ikavuka tena, juu kidogo kuliko Januari. Nilikumbuka kwamba Jumapili ile mjukuu mmoja alikuwa amebatizwa. Nikaandika tena: amekula nyama. Mara hii niliandika kwa herufi ndogo, nadhani mkono ulikuwa na wasiwasi ambao kichwa kilikataa kuusikia.

Jumamosi moja ya Machi, mvua za masika zimeanza, nilikuwa nimepanda Uru na mboga za mjini. Nikakuta watu wamesimama kwenye migomba nyuma ya banda. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye matope na mundu wake pembeni, jasho linamtiririka katika ule ubaridi, anamwita kwa jina ng'ombe aliyekufa zamani. Jirani mmoja alisema amelewa mbege asubuhi yote hii. Nilimsukuma yule mtu, na sijawahi kumwomba radhi. Nilijua ni nini tangu nilipoliona lile jasho.

Niliomba sukari. Nyumbani hapakuwa na hata chembe. Nyumba ya pili hakuna, ya tatu hakuna. Mwanamke mzima niliyelia kwa kijiko cha sukari, mbele ya watu, ni mimi. Mwishowe bibi mmoja alileta asali aliyoiweka kwa ajili ya kikohozi, nikawa nampaka mama mkwe ndani ya shavu kwa kidole, kidogo kidogo, asije akapaliwa, mpaka akaanza kumeza. Gari la parokia lilitushusha hospitali. Sukari ilipanda kwa dripu, jioni ikashuka tena. Ilipanda, ikashuka, siku tatu, kwa sababu vidonge vya siku nyingi vilikuwa bado vimo ndani yake vinafanya kazi.

Siku ya nne nilimtoa damu mwenyewe. Alikuwa hajaonja nyama kwa siku zote hizo, hilo nilikuwa na hakika nalo. Nilipima mara mbili kwa kemikali tuliyokuwa tumebakiwa nayo, na hakuna aliyethubutu kunizuia. Zote mbili zilikuwa juu ya mstari, mbali kabisa. Nikaweka nukta kwenye karatasi ya mirabamraba, nikachukua rula. Januari, Februari, Machi: zilipangana kama vigingi vya ua, zinapanda pamoja. Mtu yeyote angeona zinakoelekea. Damu yake ilikuwa imesema tangu Januari, na mimi ndiye niliyeinyamazisha.

Nilimweleza kwamba figo zimechoka, kwamba vidonge ndivyo vilivyomwangusha, kwamba sasa ni insulini kidogo na chumvi marufuku. Yote hayo nilimweleza vizuri. La Januari sikumweleza. Nilijiambia nitamweleza akipata nguvu.

Kesho yake akaniambia nimletee daftari lake. Alisema lake, si langu. Nilijaribu kumwambia limebaki maabara, akasema basi nikalichukue, nikaenda kulileta.

Aliketi kitandani, akapandisha mto mgongoni. Alianza ukurasa wa kwanza, kidole kinapita chini ya kila namba, midomo inacheza. Kufika mwaka wa mbuzi alicheka kidogo. Akaendelea, na mimi nimesimama pale nashika chuma cha kitanda. Alipofika Januari kidole kikasimama. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama alivyosoma mabasi.

"A-me-ku-la nya-ma." Akainua uso. "Nani?"

Nikamwambia ni yeye. Nikamwambia ilikuwa Krismasi.

"Krismasi mpaka mwaka mpya walinichinjia," alisema. "Nikakaa mezani nao, nikala ndizi. Nyama yangu nikawapa watoto wako. Wewe mwenyewe ulikuwepo, ulikaa upande wangu wa kulia."

Nilikuwepo kweli. Na alipolisema hilo nikaiona sahani yake, na mikono ya wanangu inaichukua ile nyama.

Akashuka mpaka Februari, akasoma tena maneno yaleyale. Hakupandisha sauti. "Nilikuahidi mbele ya daktari," alisema. "Hukuniuliza."

Nilimwomba msamaha. Nililia, na machozi yangu hayakumshughulisha. Alichomoa penseli kwenye kilemba, akabonyeza kwa nguvu, akaandika karibu na Januari kwa herufi zake kubwa zilizolalia kushoto: SIKULA. Akaandika tena Februari: SIKULA. Akanirudishia daftari na kuniambia mwezi ujao nimuulize.

Aliishi baada ya hapo misimu miwili ya kahawa. Miguu ilivimba, ng'ombe akawagawa, lakini kila kliniki alikuja. Kila mara, kabla sijagusa sindano, nilimfuata benchini, nikapiga goti nikamuuliza amekula nini siku nne hizi, na yeye alijibu taratibu mbele ya watu wote, mpaka ndizi ngapi, halafu akadai daftari aandike mwenyewe. Kurasa hizo zina matuta upande wa pili, ukipitisha kidole unayasikia.

Mara ya mwisho alikuwa hawezi tena kushika penseli. Nilimuuliza. Akafikiri, akanijibu, na nikaandika mimi kama alivyosema.